Unyunyu wa Wafinyanzi

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa nne na robo asubuhi, stendi ya Same. Saa naikumbuka kwa sababu niliichungulia kwenye simu ya dada mmoja aliyekaa juu ya gunia la vitunguu akicheza gemu. Niliona aibu kumuuliza, nikawa nachungulia tu. Ndivyo nilivyo. Darasani naweza kubanwa mkojo vipindi viwili kuliko kunyoosha mkono niombe ruhusa.

Shule ilikuwa imefungwa jana yake. Nasoma kidato cha tatu, nakaa bwenini, na likizo zote napanda Vudee kwa bibi mzaa mama, kwa sababu mama anauza vitenge kwenye magulio, leo yuko huku kesho kule, na hataki nikae peke yangu kwenye chumba cha kupanga. Siku hiyo nilikuwa nasubiri gari la mlimani. Mama mdogo naye alikuwa anatoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na alikuwa ameniambia basi lao likisimama Same nimtafute, ana kitu changu.

Mama mdogo anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii, upande wa vyumba. Alishuka na viatu vya kisigino, akanikumbatia mbele ya watu wote mpaka nikatamani ardhi inifiche.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Hiyo shule wanawapa maharage au wanawaonyesha picha ya maharage? Haya, shika. Usifungue hapa, stendi hii ina macho."

Kilikuwa kiboksi kigumu cha rangi ya kahawia. Ndani, juu ya karatasi laini, kulikuwa na chupa nyeusi isiyong'aa, imekwaruzwa kwa makusudi, tumbo pana na shingo nyembamba. Ilikuwa kama mtungi wa maji uliopunguzwa mpaka ukaenea kiganjani. Mama mdogo alisema mgeni mmoja wa Kizungu alimpa wakati anaondoka, ni pafyumu ya matajiri, na yeye imemshinda kwa sababu kila akijipulizia anasikia njaa.

"Inanikumbusha jiko la mama," alisema. "Mimi nilitoka Vudee kwa miguu yangu, sirudi kwa pua. Chukua wewe. Bei usiulize, utaogopa kuigusa."

Basi likapiga honi, akakimbia, kisigino kimoja kikazama kwenye mchanga, akavua viatu vyote viwili akapanda peku. Watu walicheka na yeye akawapungia mkono. Natamani ningekuwa na nusu ya roho yake.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilijipulizia kwenye kifundo cha mkono nikanusa. Kwanza ilinichoma puani kama spiriti. Halafu ikatulia, na nikasikia udongo uliolowa, moshi wa kuni kavu, na kitu kibichi kama jani lililosagwa kwa vidole. Harufu hiyo niliijua kabla sijakumbuka nimeijulia wapi. Ilikuwa ni bibi. Kanga ya bibi, banda la bibi, mikono ya bibi ikinifunga kitambaa kichwani nilipokuwa mdogo.

Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi cha Kiingereza ambacho nilikitafsiri garini kwa kamusi. Kilisema mtengenezaji alisafiri akawatazama wanawake wa Kiafrika wanaofinyanga vyungu kwa mikono, na alitaka kuweka kwenye chupa ile dakika ambayo maji ya kwanza yanagusa chungu kipya. Hakikusema ni wanawake gani, wala nchi gani.

Sasa niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani. Nilipofika bwenini kidato cha kwanza, nilikuwa na blanketi lililotoka kwa bibi, na bibi alikuwa analiweka kwenye banda lenye moshi anakokaushia vyungu. Usiku wa kwanza msichana wa kitanda cha juu alinusanusa akasema kwa sauti, "Jamani, nani kaja na jiko?" Wote wakacheka. Kuanzia hapo nikawa Jiko. Jiko, matroni anakuita. Jiko, nipe maji. Blanketi nililifua mpaka likaota matundu, lakini jina halikutoka.

Na msichana huyo huyo alikuwa pale stendi, anasubiri gari la kwao Kifaru. Alipita karibu yangu, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mh! Nani ananukia hivi? Jiko? Ni wewe? Acha masihara! Umepaka unyunyu gani?"

Nikamwonyesha chupa. Aliigeuza kama anakagua simu.

"Hii ni hela. Mimi pua yangu haidanganyiki, hapa inanukia hela tupu. Nipulizie kidogo basi, shosti."

Shosti. Miaka miwili na nusu, ndiyo mara ya kwanza. Nilimpulizia shingoni, akafumba macho. Sikumwambia anachonusa ni nini.

*

Bibi anaishi peke yake, nyumba ya mwisho kabla ya njia ya kuteremka kijitoni. Macho yake yana mtoto wa jicho, la kulia limebaki la kuonea mwanga tu. Tangu mwaka jana ncha za vidole vyake zina ganzi. Anaweza kushika mfuniko wa moto asishtuke, halafu baadaye anaona lengelenge anashangaa limetoka wapi. Lakini alikuwa bado anafinyanga. Wenzake aliofinyanga nao wote wamekwisha kufa, na mabinti zao walishahamia kwenye sufuria. Kijijini kwetu mfinyanzi alikuwa amebaki yeye.

Kila mwaka, sikukuu ya mavuno, ambayo safari hii ilikuwa wiki tatu mbele, bibi hufinyanga mtungi mmoja wa maji na vyungu vitatu vya kupikia makande. Vinapangwa mbele ya altare pamoja na mahindi, ndizi na tangawizi, halafu baada ya ibada vinaingia mnadani uani. Mwaka jana mtungi ulikuwa umekaa upande kidogo. Maneno yakapita. Mama mwenyekiti wa akina mama wa usharika alisema kwa upole tu kwamba labda bibi apumzike, lakini mtu mmoja nyuma akasema vyungu vya bibi sasa vinatembea upande upande kama mwenyewe. Bibi alisikia. Macho yamepungua, masikio hayajapungua.

"Mwaka huu nitawafinyangia mpaka waseme wenyewe," aliniambia jioni nilipofika. Ndiyo kitu pekee alichokuwa anakitaka. Hakuomba sukari, hakuomba kanga. Alitaka wale akina mama waone kwamba mikono yake bado ni mikono.

Nilipomwinamia kumwamkia alinusa hewa.

"Nani kamwagia chungu kipya maji?"

"Hakuna, bibi."

"Usinambie hakuna. Naisikia."

Ikabidi nimweleze. Nilimwambia ni pafyumu, imetengenezwa Ulaya, wameiga harufu ya wafinyanzi.

"Wazungu wananunua harufu ya udongo?"

"Ndiyo, bibi."

"Na udongo wenyewe?"

"Huo hawanunui."

"Haya, waambie waje. Tutawapaka bure mpaka masikioni." Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyoosha mkono. "Hebu nipake na mimi."

Nikampulizia. Aliuweka mkono puani muda mrefu, kama anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya.

"Wamejitahidi," akasema mwishowe. "Jasho ndiyo wamesahau."

Jumapili nilienda nayo kanisani. Naimba kwaya ya vijana, sauti ya pili, mstari wa nyuma, mahali ambapo hata nisipofungua mdomo hakuna anayejua. Siku hiyo wasichana wa mstari wa mbele waligeuka. Baada ya ibada walinizunguka, wananishika mkono, wananusa, wananiuliza mambo ya Same. Sikuwa na la kusema ila sikuhitaji la kusema. Nilisimama tu nikanukia.

*

Jumatatu tulianza udongo. Udongo wa bibi unachimbwa bondeni karibu na kijito, unaanikwa, unapondwa, unachekechwa, halafu unalowekwa kwenye beseni. Baada ya hapo kuna kazi ambayo ndiyo hasa alikuwa ananingojea mimi. Ndani ya udongo ule kuna vijiwe vidogo vyeupe vya chokaa, vingine kama punje ya mchele, ambavyo chekeche haivishiki. Bibi huviita meno. Unachota tope konzi moja, unalibana taratibu lipite katikati ya vidole, na jino likikwama unalitoa. Konzi moja moja, mpaka beseni liishe. Ukiacha jino, linaingia kwenye chungu, linaungua motoni, na baadaye likipata unyevu linavimba na kutafuna chungu kutoka ndani. Zamani bibi alikuwa anayatoa mwenyewe huku anasimulia hadithi. Sasa vidole havisikii.

"Macho yangu ni wewe na vidole vyangu ni wewe," alisema. "Mimi nitabaki na akili."

Kwa kuwa hawezi kuona beseni, anapima kazi kwa bakuli la bati. Kila jino unalodondosha linalia. Ukimaliza anachukua bakuli, analitikisa, anasikiliza uzito.

Beseni la kwanza nililifanya vizuri. Lilinichukua muda wa saa moja na nusu. Nilipomaliza kunawa, mikono yangu ilikuwa na harufu ya tope tu. Pafyumu yote ilikuwa imeondoka, na nilipojipulizia tena ilishika vibaya, kama imekasirika. Sasa hivi nikiandika naona upuuzi wake. Tope lile na chupa ile vilikuwa harufu moja. Lakini moja ilitoka kwenye shimo na nyingine ilitoka kwenye boksi, na mimi niliitaka ya kwenye boksi.

Jumatano kulikuwa na mazoezi ya kwaya saa tisa alasiri. Nilioga saa sita, nikavaa sketi yangu ya bluu, nikajipulizia mikononi na shingoni. Saa saba bibi akaniita. Beseni la pili lilikuwa tayari.

"Bibi, nina kwaya."

"Fanya sasa, utawahi. Kesho nataka kuukanda, sikukuu haitungoji."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikunja mikono ya blauzi, nikatumbukiza ncha za vidole viwili, nikatoa meno manne au matano yaliyokuwa juu. Halafu nikatazama mlangoni. Bibi alikuwa ndani anatafuta mfuniko. Nikachukua kijiti nikakoroga tope lisikike linachezwa. Nilikoroga kwa muda mrefu. Kisha nikaenda nyuma ya jiko, ambako mjomba alibakiza kokoto alipojenga choo, nikaokota vijiwe vidogo konzi moja na nusu, nikavipaka tope kila kimoja, nikaanza kuvidondosha kwenye bakuli. Ting. Nasubiri kidogo. Ting. Kila kimoja nilikipa muda wake, ili kisije kikasikika cha uongo.

Bibi alitoka akalitikisa bakuli.

"Yamekuwa mengi kuliko ya juzi! Huo upande wa chini wa shimo una meno mabaya." Akanishika bega. "Ahsante mjukuu wangu. Ungekuwa mvivu tungeumbuka."

Nikaenda kwaya. Siku hiyo nilinukia vizuri kuliko siku zote, na walinipa nafasi mstari wa pili.

*

Bibi alichanganya mabeseni yote mawili, akakanda siku nzima kwa viganja na kisigino cha mkono, na kesho yake akafinyanga. Sisi hatuna gurudumu la kufinyangia. Bibi huweka donge chini juu ya kigae, huinama, na yeye ndiye anayezunguka, kinyumenyume, akivuta udongo kwenda juu. Anakwangua kwa kipande cha kibuyu, anatia alama shingoni kwa gunzi la mahindi, na mwisho analainisha kwa jiwe la mto ambalo lilikuwa la mama yake. Nilimtazama anazunguka mtungi akihema, mkono mmoja ndani mmoja nje. Tumbo la mtungi lilitoka mviringo safi kuliko hata ile chupa.

Vyungu vilikaa bandani siku kumi na mbili vikikauka, na siku zote hizo ningeweza kusema. Udongo ambao haujaingia motoni unaweza kupondwa, kulowekwa na kuanzwa upya, hilo nalijua tangu nina miaka saba. Nilikuwa napita bandani asubuhi, natazama, naondoka. Mara moja nilianza. Nilisema, "Bibi," akasema, "Nini?" nikasema, "Niweke chai?" Nilijiambia labda yale niliyoacha yalikuwa machache. Nilijiambia bibi mwenyewe alikuwa amekanda, angeyagundua.

Tulichoma Jumatano. Nyasi kavu chini, samadi, matawi juu yake, na vyungu katikati. Bibi hataki mtu avihesabu vikiwa motoni, kwa hiyo nilisimama nimefunga mdomo. Moto ulipozima alivitoa kwa mti mrefu, kimoja kimoja, vyekundu vikigeuka kahawia, na vyote vilikuwa vizima. Aligonga mtungi kwa kifundo cha kidole ukalia kama kengele ya shule inayosikika kwa mbali.

"Umesikia?" aliniambia. Alikuwa na masizi kwenye nyusi. "Umesikia huo?"

Nilimshukuru Mungu kwa kunisitiri. Ndivyo nilivyosali kabisa, naandika kama ilivyokuwa. Sikuomba msamaha. Nilishukuru kwa kusitiriwa.

Alhamisi tulivipeleka kwa mama mwenyekiti. Mtungi bibi alikataa niubebe, akauweka kichwani mwenyewe, tukapita njia ya katikati ya kijiji ambayo huwa haipiti kwa sababu ina mawe. Kila tuliyekutana naye bibi alisimama kumsalimia. Ijumaa ukungu ulishuka, ukakaa mpaka jioni, nguo zote zikawa mbichi kwenye kamba.

*

Jumamosi mchana mama mwenyekiti alikuja na beseni kichwani, limefunikwa kitenge. Mimi nilikuwa nachambua maharage ya kesho, ya leo yako motoni, bibi amekaa mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu kigoda. Mbona unapumua hivyo?"

"Mama, hata sijui nianzie wapi." Alitua beseni chini taratibu. "Usiku tulisikia ti, ti, ti, kama mtu anakaanga bisi. Nikasema panya. Asubuhi naona vyungu vimetoka ndui mwili mzima, vigamba viko chini. Nikasema labda mtungi utafaa, nikatia maji. Uliniachia mkononi, mama. Maji yote kwenye zulia."

Alinyoosha mkono na mama mwenyekiti akamwekea kigae. Bibi alikipapasa, akakigeuza, akakipapasa tena.

"Vyote?"

"Vyote, mama. Pole sana. Wewe umetufinyangia tangu mimi naitwa binti. Hakuna atakayekulaumu, uzee hauna dawa. Kesho usihangaike. Tumepata ndoo tatu dukani, nzuri tu, tutazifunga vitambaa."

"Mmefanya vizuri," bibi akasema.

Mama mwenyekiti si mtu mbaya. Alilia kidogo wakati anaondoka, na kitenge chake alikiacha kimefunika beseni.

Bibi aliingia bandani. Nilimsikia anapapasa rafu. Akatoka na kipande cha kibuyu na yale magunzi, akavitia jikoni chini ya maharage, vikashika moto mara moja. Jiwe la mama yake hakulichoma, jiwe haliungui. Aliliweka chini ya mlango wa banda, lizuie mlango usijifunge. Kisha akakaa, mikono mapajani, viganja juu, kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa ashike.

"Nilikuwa sijui kama imekufa kiasi hiki," alisema. Hakuwa ananiambia mimi.

Nilisimama. Nilikuwa na maharage kwenye sketi, yakamwagika.

"Bibi, siyo mikono yako. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

Nilisema huku natazama ukuta. Nilisema beseni la pili sikulitoa meno. Nilisema vile vijiwe vya kwenye bakuli niliviokota nyuma ya jiko.

Bibi alifumba viganja vyake.

"Uliviosha?"

"Nilivipaka tope."

"Alaa." Aligeuza uso upande niliko, lile jicho la kushoto linanitafuta. "Kwa sababu gani?"

"Nilikuwa naenda kwaya. Nilikuwa nimejipulizia. Sikutaka tope liutoe ule unyunyu."

"Ule wa udongo."

"Ndiyo."

"Yaani hukutaka udongo ukutoe udongo."

Nikaanza kulia, na yeye akaniacha nilie. Baadaye akauliza, "Huko shuleni wanakuitaje?" Sijui alijuaje kuuliza hivyo. Nikamwambia. Jiko. Nikamwambia na habari ya blanketi.

"Na hukuniambia."

"Niliona aibu."

"Aibu ya wao, au aibu yangu mimi?"

Nikaanza kuokota maharage sakafuni, na jibu akalipata.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikachukua kigae kwenye beseni, nikamwonyesha tundu lenye unga mweupe katikati, nikamwekea kidole chake hapo. "Ni meno, bibi. Yapo. Siyo wewe. Kesho waambie siyo wewe."

"Nani aliukanda huu udongo?" aliuliza. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Niliukanda siku nzima, kwa viganja hivi. Zamani hata ungenitilia chembe moja ya chokaa gizani, ningekuambia iko wapi. Haya yamepita humu yote, na mimi nafurahia tu udongo umelainika. Wewe umedanganya, ndiyo, na hilo ni lako, utalibeba. Lakini hii," akainua mikono, "haikudanganywa na wewe." Akaishusha. "Kalete kuni, maharage hayajaiva."

Nikaleta kuni. Tukala. Kabla ya kulala nilinawa mikono na shingo kwa sabuni ya kufulia, mara mbili, na bado harufu ilikuwepo kwenye kola ya blauzi.

*

Asubuhi bibi alisema mgongo unamuuma, haendi kanisani. Sikukuu ya mavuno hajawahi kuikosa, hata mwaka aliofiwa na babu. Nilimwachia uji karibu na kitanda, nikaondoka peke yangu.

Ndoo zilikuwa mbele ya altare, mbili za bluu na moja ya kijani, zimefungwa vitambaa vyeupe. Tuliimba, nikafungua mdomo bila kutoa sauti. Wakati wa matangazo mama mwenyekiti alisimama akasema mwaka huu vyungu havikuwezekana, bibi yetu amechoka, mikono imefika mwisho, tumkumbuke kwa maombi. Watu wakaguna kwa huruma. Mtu mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Si tulisema mwaka jana?"

Mchungaji huwa anauliza kama kuna mwingine mwenye tangazo, na huwa anafunga daftari hapo hapo, kwa sababu hakuna anayekuwa nalo. Aliuliza. Nikatoka mstari wa pili. Mguu wangu ulimkanyaga mwimbaji wa mbele, akasema, "We! Unakwenda wapi?" Nikaendelea mpaka karibu na zile ndoo, nikageuka. Nilikuwa sijawahi kuwaona watu wa usharika wetu wote kwa wakati mmoja kutoka upande ule.

Nilisema vyungu sikuviharibu kwa bahati mbaya. Nilisema bibi alinipa mabeseni mawili nitoe meno, moja nililitoa, la pili nikaweka kokoto kwenye bakuli nikamdanganya, kwa sababu yeye haoni. Nilisema mtungi ule ulikuwa mzuri kuliko yote, na waliouona Alhamisi njiani wanajua. Nilisema haya yote nimeinamisha kichwa, haraka, na nilipofika mwisho akina mama wa mabenchi ya nyuma wakaanza kuulizana, "Anasemaje? Anasemaje huyo?"

Mchungaji akashuka, akanipa maiki.

"Hawajakusikia, binti. Sema tena, taratibu."

Nikaishika kwa mikono miwili, nikaanza tena, tangu beseni la kwanza.